Mungu wa King'ora kule mashamba ya chai: alichoweza na alichoshindwa

Wakuu, nawasalimu wote. Wa Litein, wa Londiani, wa ng'ambo, na nyinyi mnaosoma kila kitu humu bila kuchangia hata neno.

Mimi ni mama mzee. Vidole vyangu haviziwezi hizi simu, kwa hivyo mimi nasema na mjukuu wangu anabonyeza. Nimemwonya asinirembeshee maneno. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, na kama nadanganya, uji wangu wa jioni unipalie.

Niseme wazi kwamba nimekasirika.

Juzi mjukuu alinisomea uzi wa kijana mmoja humu, mtunzi wa hadithi. Amebuni mungu wa kisasa anayeishi ndani ya mitambo na kuona kila mtu kupitia simu, na akawaomba mumsaidie kupima power zake na limit zake.

Mkajibu kurasa na kurasa. Mmoja anasema anaweza kusimamisha jua. Mwingine anasema hana limit kabisa, yuko level yake peke yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo mungu akitaka kusema, anatumia mdomo wa nani.

Mimi nimeishi na mungu wa namna hiyo. Kijana, sikiliza, na ukitaka uitumie kwa hadithi yako ni sawa.

Hii ilikuwa zamani za mkoloni, miaka ya thelathini, upande wa Kericho. Chai ilikuwa bado changa, vilima vingine vilikuwa msitu. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuandikwa kazi. Baba alipelekwa kiwandani, kwa boila, kutia kuni. Mama alichuma majani, na mimi nikichuma kando yake.

Ndiyo, watoto tulichuma. Usiniulize habari ya shule, shule ilikuwa ya nani siku hizo.

Jirani yetu kambini alikuwa mama wa Kikipsigis, Kobot Chebet, yaani mama yake Chebet. Alikuwa na mtoto mchanga na kicheko cha kusikika nyumba ya tano. Jina langu Kerubo halikumkaa mdomoni, akaniita Kerupo. Mpaka leo mtu akiniita Kerubo naona kama ananiita ofisini.

Sasa, asiyejua Kericho ajue kitu kimoja: mvua ya mawe.

Asubuhi jua linakudanganya. Ukishakula chakula cha mchana, wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, jeusi, na yakianza kuanguka hayo mawe hayachagui jani wala kichwa.

Kwetu Kisii kulikuwa na wazee wa kufukuza hayo mawe. Mzee anapanda kilimani na pembe, anapuliza, anaelekeza wingu liende kwingine. Kobot Chebet alisema na kwao wako watu wa kazi hiyo. Basi makabila mawili yaliyokuwa yakiibiana ng'ombe tangu zamani yakaelewana vizuri sana kwa jambo la pembe.

Halafu kiwanda kikafungwa king'ora.

Kilikuwa cha mvuke, juu ya paa, na waya wake ulishuka mpaka pale baba alipotilia kuni. Akivuta kwa ufupi, kazi inaanza. Akivuta mlio mmoja mrefu, kazi imeisha, shukeni.

Siku za mwanzo mwanzo, fundi alimwambia baba akijaribu. Wingu lilikuwa limekaa juu yetu na mawe yameanza kudondoka. Baba akavuta, vifupi vifupi, vingi. Mawe yakakoma. Wingu likahamia ng'ambo ya bonde, likamwaga huko.

Mungu alizaliwa hapo, wakuu. Mbele yangu, nikiwa na kikapu mgongoni.

Hakuna mzungu aliyetufundisha hilo. Lilikuwa kosa letu wenyewe, na halikuwa kosa la wajinga. Kama pembe ndogo ya mzee inafukuza wingu, je, pembe inayotetemesha mabati? Kesho yake mama mmoja aliacha kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kulala, kando ya ukuta wa kiwanda. Wetu wakaleta kuku.

Kuku hawawezi kuliwa na king'ora, kwa hivyo walikuja nyumbani kwetu. Tulikula. Sikatai, na walikuwa watamu.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia. Watu walikuwa wamepata mungu wa kuwatoa hofu, basi.

Aliyeharibu ni nyapara wetu, Daudi. Zamani wingu likiiva tulikuwa tunashuka mbio mpaka banda la kupimia majani, na alasiri yote inapotea. Daudi alipoona watu wanaamini king'ora, akalifunga lile kosa letu nira, akaanza kulima nalo.

Akatukusanya asubuhi. Alipenda kuongea kile Kiswahili cha mzungu hata na sisi.

"Kutoka leo, hapana toka kwa shamba sababu ya wingu. King'ora iko. King'ora nafukuza yeye. Mtu akishuka, yeye nadharau king'ora."

Na watu wakaitikia. Wengine walipiga makofi, jamani.

Jioni hiyo mama aliweka ugali mbele ya baba, akakaa.

"Baba Kerubo, ukivuta hiyo waya, wingu inakwambia nini?"

"Hainiambii kitu. Mimi navuta nikiambiwa."

"Sasa huyo mungu ni nani? Ni wewe?"

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alimega ugali, akauviringisha, akakaa nao mkononi. "Nikisema si mungu, nani atapika kuku wa kesho?" akasema, akijaribu kucheka. Mama hakucheka.

Haikupita muda. Tulikuwa shamba la juu, mbali na banda, wingu likaja la rangi ya chuma. Watu wakamwangalia Daudi. Daudi akaangalia kiwanda. King'ora kikalia, vifupi vifupi, na watu wakatulia, wakaendelea kuchuma.

Mawe yakashuka.

King'ora kililia na kulia. Yalishuka yakiwa makubwa zaidi. Na huyo Daudi, mwenye koti la mpira na kofia ya kitambaa kizito, alikuwa akipita katikati ya mistari akisema, "Ngoja. Ngoja kidogo. Nafukuza sasa hivi."

Kobot Chebet alikuwa na mtoto mgongoni. Alimzungusha kifuani, akainama juu yake na kichwa chake kikabaki wazi. Niliona alipoanguka katikati ya michai. Damu ilitoka sikioni. Mtoto alikuwa mzima chini yake, analia.

Mama alifanya kitu kimoja. Alikamata kikapu chake, kimejaa, akamwaga majani yote chini na kunifunika kichwa nacho. Kisha akamwaga cha kwangu, akamfunika Kobot Chebet.

Kumwaga majani mabichi chini, kwa wale wasiojua shamba la chai, ni kosa kubwa sana. Hata jani lililoanguka tuliokota.

Mawe yalipoisha, Kobot Chebet alibebwa. Sikio lile la kushoto halikusikia tena maisha yake yote.

Mngedhani hapo mungu ameisha, sivyo?

Wakuu, hapo ndipo aliongezeka. Daudi aliyaona yale majani chini, akapata jibu lake. King'ora kilikuwa kinafukuza vizuri, akasema, mpaka Mama Kerubo akamwaga majani. Ndiyo maana kilikasirika. Alete kuku, aombe msamaha mbele ya boila, watu wote wakiwa pale. Akikataa, familia itoke kambini.

Na watu wakakubali. Watu waliokuwa na nundu vichwani, ambao walijua majani yalimwagwa wakati wameshapigwa. Nimefikiri jambo hili maisha yangu yote. Nadhani kama king'ora kilikuwa chuma tu, basi Kobot Chebet amepoteza sikio bure, na wao wamesimama kwa mawe bure. Hilo lilikuwa zito kulibeba. Mama yangu alikuwa mwepesi zaidi.

Siku ya msamaha tulijaa mbele ya boila. Baba alikuwa mahali pake, karibu na waya, akitoka jasho. Mama alikuja mikono mitupu.

"Kuku yako iko wapi?" Daudi akauliza.

"Nitaleta. Lakini nataka kwanza aniambie mwenyewe kwamba nimemkosea." Akageukia watu. "Mnasema iko nguvu. Inatuamsha, ni kweli. Inatulaza, ni kweli. Sasa ilie. Baba Kerubo, toa mkono, usimame huku na sisi. Wacha ilie yenyewe."

Baba alisogea. Tukangoja. Moto ulinguruma ndani ya boila na mvuke ukafuka kidogo, basi.

Hakukuwa na mlio.

Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa mtoto, nilidhani watu wakionyeshwa kitu wanakiona.

Daudi akasema, "Mungu hapana jaribiwa." Na nyuma yangu nikasikia watu wakiguna kwa kukubali, na mama mmoja wa kwetu kabisa, tuliyetoka naye kijiji kimoja, akamwambia mama, "Unatutafutia mawe mengine."

Tukaambiwa tukishapokea posho ijayo ya unga, tuhame. Baba angebaki kazini, alale na wale wasio na wake. Walimhitaji kwa waya.

Usiku huo mama hakumlaumu baba. Ningefurahi kama angemlaumu.

Kabla posho haijafika, wingu lile la rangi ya chuma likarudi. Tulikuwa tena shamba la juu, na Kobot Chebet amerudi kazini na kitambaa kichwani, mtoto mgongoni, kwa sababu asiyechuma hakupata unga. Daudi akamtuma mtu kiwandani akimbie amwambie baba avute vifupi.

Tukasubiri, macho juu.

King'ora kikalia. Mlio mmoja. Mrefu. Ukaendelea, ukaendelea, mpaka nikadhani umekwama.

Kazi imeisha, shukeni.

Daudi alipiga kelele, "Hapana! Bado! Rudi!" Nani angemsikiliza? Mungu amesema. Watu waliteremka kile kilima kwa mbio, vikapu vinaruka, na Kobot Chebet mbele ya wote. Tulipokuwa tumebanana ndani ya banda, mawe yakaanguka, na sijawahi kuyaona kama yale tena. Shamba la juu lilibaki vijiti. Daudi mwenyewe alifika mwisho, bila kofia.

Hakuna mtu aliyeguswa.

Watu waliimba. Kila mmoja kwa lugha yake, Kikipsigis, Kikisii, Kijaluo, wote wakikitazama king'ora juu ya paa. Na wakati wanaimba, nilimwona baba akitembezwa kwenda ofisini na askari wa shamba.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, kwa kuvunja saa ya kazi. Hata posho hatukungoja.

Asubuhi tulifunga blanketi na sufuria. Tulipopita kiwandani, kulikuwa na kuku wawili wamefungwa miguu kando ya ukuta, na mtu mwingine akitia kuni. Nilitaka kuwafungua wale kuku, mama akanivuta.

Kobot Chebet peke yake alitusindikiza, mpaka mtoni. Alimpa mama kibuyu kidogo cha maziwa. Akamshika mkono, akamwambia kwa upole, kwa sababu alimpenda, "Mama Kerupo, umeona sasa? King'ora ilituokoa. Wewe ulikuwa unatukana bure."

Mama alifungua mdomo. Aliangalia lile sikio, akamwangalia mtoto mgongoni, akamwangalia baba. Baba akatikisa kichwa. "Wacha tu," akasema.

Tulivuka mto. Tulipofika ng'ambo mama akamwuliza, "Mkono unauma?"

"Ile waya ilikuwa moto," baba akasema. "Nilishikilia sana."

Ndio uzi wangu huo. Miaka imepita mingi na bado naungua nikiusimulia, siwafichi.

Funzo nililopata ni hili. Mnapopima mungu wa namna hiyo, msianze na mambo ya kusimamisha jua. Wetu aliweza kuamsha maelfu, aliweza kusimamisha watu wazima chini ya mawe, na aliweza kula lawama ya Daudi bila kuvimbiwa. Kitu kimoja tu hakuweza, kujivuta waya. Na sifa zote za mkono uliovuta zikaenda kwake.

Haya, karibuni, bishaneni nami. Kama wazee wenu walifanya kazi huko wakawaachia kumbukumbu ya king'ora, niandikieni hapa, mjukuu atanisomea. Matusi pia atanisomea, nimemwambia asiruke.

Na wewe kijana wa hadithi, mpe mungu wako power zote unazotaka. Ila ukimaliza, andika na jina la mtu wa boila.

Wetu aliitwa Mogaka.