Nguo za Kuvaa Mbele ya Kamera

Mkuu wa shule moja ya wauguzi huko Kalima alikuwa akitafuta fundi wa kushona sare za wanafunzi wake wote, na mafundi wa Kindu tuliobaki kwenye mashindano tulikuwa wawili. Kuja kwetu alikataa katakata, kwa jinsi barabara ilivyo. Alisema kila mmoja amtumie video ya atelie yake ya kushonea, tena ya kitaalamu, aone mikono yetu inafanya nini. Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukanipaa. Bila hizo sare, cherehani zangu zingekaa kimya hadi sikukuu.

Nikamwita mpiga video anayesifiwa mjini, bwana mzima mwenye kofia, ambaye maisha yake yote amepiga harusi na matanga. Nilimwandikia mpango kwenye karatasi: kukata kitambaa, kushona, kupiga pasi, mwishoni mteja avae na kutabasamu. Aliusoma mara mbili, akahuzunika.

"Sasa mama, watu wanaingia na kucheza saa ngapi?"

"Hakuna mwenye kuingia. Wako ndani tayari."

Siku yenyewe washonaji wangu watatu walifika wamesukwa na kupakwa poda. Wa kwanza alivaa gauni la lesi la Dubai. Wa pili, suti ya kike ya kutoka Kinshasa. Wa tatu alivaa sketi iliyombana hadi akapanda ngazi ya mlangoni kwa ubavu, na huyo ndiye mkataji. Kuinama mezani hakuweza, basi akawa anakata kitambaa kwa mbali, mkono umenyooka, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini. Mpiga video alifurahi sana. Aliwapanga kwa urefu, akawaambia watembee polepole kuelekea pasi ya makaa.

Nikapandwa na hasira.

"Hapa tunauzisha nini? Hakuna hata mumoja amevaa nguo tulishona!"

"Mama patron, mbele ya kamera muntu anavaa nguo ya maana," mkataji akanijibu. Kisha akanitazama toka juu mpaka chini. "Na wewe?"

Nikajitazama. Nilikuwa na blauzi ya dukani, ya Kisangani, yenye shanga mabegani. Niliona aibu, aibu ya kweli. Fundi wa miaka yote hii, na siku ya kuonekana nimejificha ndani ya kazi ya mtu mwingine!

Hapo akaingia mama mkwe wangu, aliyekuja kunisalimia tu. Habari za video hakuwa nazo. Alikuwa ametoka kupepeta mchele, na gauni lake la kazi lilikuwa la maua makubwa ya kijani yaliyofifia. Nililitambua. Nililishona wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na kitambaa kikakosekana mjini. Niliteremsha pazia la sebuleni, na uzi niliutoa kwenye midomo ya magunia.

"Piga huyu," nikamwambia mpiga video.

Mama mkwe aliisalimia kamera kwanza, akaiuliza habari za nyumbani. Halafu akashika gauni lake, akaninyooshea kidole, akaanza.

"Hii robe njo bibi ya mutoto yangu alinishonea wakati ya vita. Ilikuwa pazia. Nilikimbia nayo mu pori, nikalala nayo, nikarudi nayo. Mushono haijaachia hata siku moja." Akainua mkono. "Ila huku kwa kwapa inanibana. Tangu siku ya kwanza."

Nilimsihi mpiga video ayatoe hayo ya kwapa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Maneno ya mama mukwe haikatwaka," akasema, na video ikaenda Kalima ilivyo.

Siku ya tatu mkuu wa shule akapiga simu. "Sare nakupa wewe. Ushone kama ile robe ya mama. Lakini kwa kwapa uongeze, wanafunzi wangu wanainuaka mikono."

Nilikimbia kwa mama mkwe na habari hiyo, nikicheka, nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuniambia. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele na hakuinua macho.

"Nilizoea," akasema. "Siku ile uzi ilikuwa imeisha. Kama ningekuambia, ungefumua nguo yako mwenyewe upate uzi."