Kopo Jipya la Maharage

Mama anafundisha sheria chuoni hapa Gisenyi. Zamani alikuwa mwendesha mashtaka wa kesi za utapeli: waliouza majivu wakayaita mbolea, waliokusanya akiba za watu wakapotea nazo. Watu hawajasahau. Nikikaribia wenzangu shuleni, wanaacha kuzungumzia biashara za wazazi wao. Mimi ni mwoga wa kuongea, kwa hiyo sikuwahi kuwaambia kwamba mama akiwa nyumbani huzungumzia viazi tu.

Rafiki nilikuwa naye mmoja. Mama yake, aliyetoka Goma, anauza maharage sokoni. Siku moja nilimkuta rafiki yangu jikoni kwao akimimina nta ya mshumaa kwenye kopo la kupimia, ili kina kipungue. Hakuficha.

"Wote wanafanyaka hivi," akasema akicheka. "We usiwe polisi."

Nikacheka pia. Nilifurahi kuaminiwa, hilo nalikiri.

Wiki chache baadaye, tukiwa tunakula, mama akasema Jumamosi atawapeleka wanafunzi wake kwa wauza maharage, wapime makopo. Hufanya hivyo kila mwaka, na sokoni hakuna anayejua siku. Ijumaa asubuhi nilimvuta rafiki yangu pembeni, nikamwambia.

Jumamosi nilikwenda na mama kumbebea mizani. Makopo ya mstari mzima yalikuwa makuukuu, yamebonyea, yana kutu. Kwa mama wa rafiki yangu kulikuwa na kopo linalong'aa, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa nusu.

"Karibu, mwalimu," akasema, na mama alikuwa hajasema amekuja kupima. Akapima hadi kopo likafurika. Kisha akaongeza matabishi, ile konzi ya juu ambayo mteja huiomba kwa kubembeleza, mara tatu, bila kuombwa. Mizani haikuwa na la kusema. Wanafunzi wakaandika. Mama hakulitazama kopo, alinitazama mimi.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Miaka yote ile mahakamani, waongo niliwatambua kwa usafi wao. Ni wewe uliyemwambia?"

"Ndiyo, mama."

"Na kopo la zamani, ulijua lina nini?"

"Nilijua. Nta."

"Kuna bibi wa Cyanzarwe hununua pale kopo moja, alile wiki nzima. Yeye ulimwambia?"

Hakupandisha sauti, na natamani angepandisha.

Jumatatu rafiki yangu hakunisalimu. Nilimfuata bombani, alikokuwa akijaza chupa.

"Ni we uliambia mama yako," akasema. "Kama si we, angekuya kwetu kufanya nini?"

"Yeye huja sokoni kila mwaka. Na mimi ndiye niliyewaonya."

"Mutu anaonyaka juu ya kitu yenye hakuleta? Bon. Mi niliona we ni mutu muzuri."

Chupa ilikuwa haijajaa. Akaifunga hivyo hivyo, akaondoka.

Sasa darasani anakaa na wasichana wa dawati la nyuma. Wakicheka najua si lazima wawe wananicheka mimi, lakini sigeuki. Mama ananipakulia chakula kama kawaida, ananiuliza habari za mitihani. Ila Jumamosi iliyopita nilimwona akivaa viatu vya matope, nikamuuliza anawapeleka wapi wanafunzi wake.

"Kazini, mwanangu," akasema, akaibeba mizani mwenyewe.