Bunduki Aliyoichagua Mama Julie

Mke wa mwindaji ana sikio lake peke yake. Huko Lubunga, ng'ambo ya mto, wanawake wengine wakisikia hatua za waume zao wanajua tu kwamba mtu amerudi. Félicité alikuwa akisikia hatua za Augustin akajua amebeba nini: mboloko mmoja, yule paa mdogo wa msituni, mgongoni, nguruwe wa porini vipande vipande ndani ya kikapu, au aibu tupu. Hakuwa amezaliwa na sikio hilo. Yeye ni mtoto wa mto, wa Isangi, watu wa samaki na mtumbwi, na mama yake alimwonya kwamba mume wa msituni ni nusu mume, nusu nyingine inalala na nyani. Aliolewa naye hivyo hivyo. Ile nusu aliyopewa ilimtosha, na nyama aliyoikausha kwa moshi na kuiuza sokoni ilisomesha watoto wao wote, kuanzia Julie ambaye sasa ana nyumba yake.

Basi bunduki ya Augustin ikafa. Ilikuwa imezeeka pamoja naye, kitako kimefungwa waya, kifyatulio kimelegea kama jino la mzee. Fundi aliitazama kidogo akairudisha, akasema pole. Augustin hakulalamika. Alikaa siku chache bila kusema mengi, kisha akaanza: Mama Julie, zamu yako ya likelemba si imefika? Likelemba ni ule mchango wa wanawake wa soko, kila mmoja hupewa kwa zamu yake, na ya Félicité kweli ilikuwa imefika. Aliyajua hayo mume wake vizuri kuliko alivyojua sala ya asubuhi.

Félicité angetoa bila ubishi, maana bunduki ndiyo iliyowalisha. Lakini kabla hajafungua mkono, Sadrack alimfuata sokoni.

Sadrack ni mtoto wa kaka yake Augustin, mwanaume wa ndevu sasa, mwenye watoto wake. Augustin, anayemwita tonton, ndiye aliyemfundisha msitu wa Yahuma, njia kwa njia. Alisimama mbele ya meza ya nyama akavua kofia, na Félicité alidhani ni heshima.

"Mama, tazama kofia yangu," alisema Sadrack.

Juu ya kofia palikuwa na matundu madogo matano, yamepangana kwa mstari.

"Nani alikufanya hivi?"

"Tonton. Safari ya mwisho, mbele bunduki yake ife, alisema aliona mboloko. Mi nilikuwa nasimama wima, mama, na shati yangu nyekundu." Akaigeuza kofia mikononi. "Tonton haoni tena. Njia anajua na miguu, nyama anajua na masikio. Lakini macho, bon, ilikwisha."

"Ulimwambia?"

"Nitamwambia nini? Yeye njo alinifundisha kushika bunduki. Nilisema kofia ilinasa ku miiba."

Félicité alimfungia kipande cha nyama bila kumuuliza kama anataka, akamwambia aende. Kisha akakaa nyuma ya meza yake, na wateja wawili wakapita bila kujibiwa.

Maana yeye pia alijua. Alimwona mumewe akimimina chai nje ya kikombe, akimsalimia jirani kwa jina la jirani mwingine. Mwaka uliopita Julie alimpeleka baba yake kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni ugonjwa wa wale nzi wadogo wa mtoni wanaouma mchana, kwamba umemla tangu ujana, na nuru iliyokwenda hairudi. La kuvunda halina ubani, ingawa daktari alilisema kwa Kifaransa na kwa adabu. Augustin alirudi nyumbani akatangaza kwamba ni vumbi tu. Julie akamnong'oneza mama yake ukweli, na tangu hapo nyumba nzima ikawa inaishi na vumbi hilo. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Félicité alichoogopa ni kwamba kilio hicho kingelia katika nyumba ya mtu mwingine.

Kuna atakayeuliza kwa nini asimkalishe mumewe chini akamwambia. Anayeuliza hivyo hajaolewa na mtu mwenye sifa. Augustin hakuwa na shamba wala duka wala cheo kanisani. Alikuwa na jina moja tu, mwindaji, na hilo ndilo aliloitwa tangu Lubunga hadi Yahuma. Ukimvua hilo umemwacha uchi barabarani, na Félicité hakutaka mkono wa kumvua uwe wake.

Akaenda kwa Djuma kabla ya mumewe, ati kuulizia bei.

Djuma ni wa zile familia za Kiislamu za zamani, ambazo babu zao walikuja na biashara wakabaki. Dukani kwake kuna nyavu, ndoano, mapanga, na ndani kabisa, kwa kibali, bunduki za kuwindia. Siku ile alikuwa nazo mbili, zote za namna moja: zile zenye mkono wa chuma chini, penye kifyatulio, unausukuma na kuurudisha na risasi nyingine inapanda. Chuma cheusi, mbao za rangi ya asali, ndege amechorwa ubavuni. Félicité alizitazama akaona mapacha. Ila moja ilikuwa na bei ya kumfanya mtu atabasamu, na mwanamke wa soko hatabasamu bei ikishuka hivyo. Rahisi ni ghali.

"Hii iko na shida gani?" aliuliza.

"Uliza vizuri, mama, mi sitakuuzia mbuzi ndani ya gunia," alisema Djuma. Akazigeuza zote mbili. Chini ya chuma cha ile ya bei kubwa palichongwa 12, chini ya ile nyingine 410. Akamwonyesha midomo ya mitutu: ile ya kwanza tundu lake pana, ya pili jembamba. "Hii ni douze, kumi na mbili, kila mutu iko na cartouche yake, ile risasi. Hii ingine ni calibre ndogo, namba kubwa lakini tundu ndogo. Niliomba mbili za douze, walinitumia moja na huyu. Cartouche yake haiko hapa, haiko Bunia, Kinshasa nilipiga telefoni, haiko. Ananikalia mu duka kama shemeji hana kazi."

"Haiko kabisa?"

"Kabisa, mama. Usikamate. Utabeba fimbo."

Félicité akaishika ile ya bei ndogo, akaipima uzito. Djuma alishangaa aliposikia swali lililofuata.

"Na mutu akiishika mu mikono, atajua?"

"Mwenye macho atajua."

Félicité akairudisha ile bunduki mezani, akasema: "Papa Djuma, kesho nitakuja na bwana yangu. Utamuuzia hii."

Djuma akakataa pale pale. Dini yake, alisema, hairuhusu mtu kuuza kitu chenye kasoro akaificha kwa mnunuzi. Hata kwa faida ya dunia nzima.

"Mununuzi ni nani?" aliuliza Félicité. "Makuta ya kulipa iko ya nani? Ni mimi. Na mimi ulishaniambia kasoro yote. Sasa zambi yako iko wapi?"

Djuma akaanza kupanga ndoano ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Halafu akauliza sababu, naye akamweleza: kofia, matundu matano, vumbi. Djuma akaipunguza tena bei bila kuombwa, jambo ambalo majirani zake wa soko hawajaliamini mpaka leo.

"Lakini nitaweka zote mbili mbele yake," alisema. "Na akiniuliza, sitadanganya."

Kesho yake wakavuka mto pamoja. Augustin alivaa koti lake la ndoa. Njia nzima aliongea, yeye asiyeongea, akieleza jinsi mvua ilivyolainisha majani msituni, ukipita husikiki. Félicité alijiona mwizi aliyekaa kando ya mwenye mali akisifiwa uaminifu.

Djuma aliziweka bunduki juu ya meza kama alivyoahidi. Augustin akaishika ile ya douze, akausukuma mkono wa chuma, kha, akaurudisha, kha, akaiweka begani na uso wake ukawa wa kijana. Félicité alitamani ardhi imeze duka zima. Kisha akashika ile ya pili.

"Papa Julie," alisema Félicité haraka mno, "mi nataka hii. Bei yake iko chini. Na iko mwepesi, haitaumiza bega yako."

Augustin akageuza uso upande wa sauti yake.

"Papa Djuma, hizi zinafanana?"

"Zilitoka nyumba moja, papa," alisema Djuma, akimwomba Mungu amwone kwamba hajadanganya.

Augustin akapitisha kiganja juu ya mbao, akafika kwenye chuma, akafika kwenye mdomo wa mtutu. Akaweka hapo kidole chake kidogo, kama wawindaji wanavyotafuta kutu. Kidole kikakaa. Félicité akajitayarisha kwa aibu, kwa ugomvi, kwa chochote.

"Bon," alisema Augustin. "Ya mama. Tubebe."

Ikatundikwa sebuleni juu ya picha ya ndoa ya Julie. Majirani walikuja kuiona, wakaisifu, wakanywa chai. Félicité alikuwa amejiwekea akiba ya uongo: risasi zimekwisha mjini, boti imechelewa, barabara ya Opala imekatika. Aliupanga kama vipande vya nyama mezani, kimoja baada ya kingine, akangoja mteja.

Mteja hakuja. Augustin hakuomba risasi. Kwanza alisema mvua imezidi, angoje. Mvua ikaisha, akasema goti. Kila alasiri alikuwa akiishusha bunduki, akaipaka mafuta, akaifuta kwa kitambaa polepole mpaka pembeni pa yule ndege, akaitundika. Félicité alitakiwa kushukuru. Badala yake, kumtazama mumewe akitunza kitu ambacho yeye mkewe alijua kimekufa kulimfanya ajione kama mama aliyempa mtoto titi lisilo na maziwa, na mtoto hata halii.

Kisha, alasiri moja, Sadrack akaja na risasi mfukoni.

Desturi ya wawindaji inajulikana: mwenye bunduki akipumzika, humwazimisha ndugu, na nyama ikipatikana paja ni la mwenye bunduki. Kwa hiyo Sadrack hakufanya kosa lolote. Félicité alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga pondu, yale majani ya mhogo. Alisikia salamu, akasikia ombi, akasikia bunduki ikishushwa ukutani, na mchi ukamsimama mkononi.

Mkono wa chuma ukalia, kha. Ukalia tena.

"Tonton," alisema Sadrack, "cartouche haiingii." Kisha, baada ya kuigeuza: "Tonton, hii haiko douze. Waliandika namba ingine chini huku. Walikuibia."

"Najua," alisema Augustin.

Félicité akaegemea ukuta.

"Siku ile mu duka niliingiza kidole," Augustin aliendelea. "Ku douze kidole yangu inaogelea. Ku hii iligonga mulango ikarudi."

"Sasa juu ya nini ulikamata?"

"Juu nilisikia mama. Tangu nilimuoa hajanichagulia bunduki. Hata panga. Siku ile akachagua, na sauti yake ilikuwa inakimbia. Nikasema, huyu anajua. Leta kofia yako."

Félicité hakuona, lakini alijua vidole vinapita wapi.

"Ulisema miiba," alisema Augustin. "Usiku ule ulilala, nikashika kofia. Miiba haitoboi tano kwa mustari, mutoto wangu. Niliketi pale ku moto mpaka asubuhi. Kidogo tu ningerudisha maiti yako kwa kaka yangu."

"Tonton, ilipita."

"Haikupita. Nilitaka kuacha siku ile ile. Lakini mutu anaachaka namna gani? Anaamka, anaosha uso, anaambia batu mi haiko tena mwindaji? Nikaendelea kuomba bunduki. Kila siku naomba, na kila siku naogopa atanipa." Sauti yake ikashuka. "Nilikuwa nangoja mutu anitoe mu msitu. Mi mwenyewe nilishindwa."

Sadrack alisikika akirudisha risasi mfukoni moja moja, kisha akaaga kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na kusema kwamba paja litakuja hata hivyo, kwa sababu njia atakayopita ni ya tonton.

Félicité aliweka mchi chini. Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akazunguka nyumba kwenda mbele, polepole, bila kujua atasema nini. Augustin alikuwa amekaa kwenye benchi, bunduki mapajani, macho yameelekea mtoni ambako hayaoni. Hatua za Félicité zilipofika karibu, mumewe akainamisha kichwa kusikiliza.

"Mama Julie, unabeba nini?"

"Sibebi kitu."

"Unabeba. Miguu yako inasema. Ikaa, utue."

Akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Félicité akakaa, akatua.