Maji ya Kwenye Nguzo

Kituo cha utafiti cha chuo chetu kipo Ndalambo, karibu na Mto Momba: vyumba vitatu vya bati, darubini mbili na friji inayotegemea umeme wa jua. Kazi yangu ilikuwa kupindua mawe mtoni na kuokota wadudu wanaoishi chini yake. Wapo wanaokubali maji safi tu. Hao walianza kutoweka, ikabaki minyoo myekundu, ambayo huvumilia karibu uchafu wowote.

Sampuli tulichukua mahali palepale kila wiki, kwenye nguzo ya chuma tuliyoipaka rangi ya njano. Asubuhi moja nikakuta wanawake wamepanga ndoo hapo. Zamani walichota kivukoni, chini zaidi.

Mmoja wao, jirani yetu, alikuwa na kichanga mgongoni. Nikamuuliza kwa nini wamehama.

"Si ninyi mmetuonyesha?" akasema. "Msomi gani atatoka huko mjini na glovu zake aje kuchota maji mabaya?"

"Na wanavyoyatunza kwenye barafu!" mwenzake akadakia. Wakacheka.

"Dada, tunayapima kwa sababu tuna wasiwasi nayo."

"Haya, mmepima. Yakoje?"

Minyoo ilinitia hofu, lakini hofu si kipimo. Ilikuwa dawa ya magugu kutoka mashamba ya juu? Kinyesi cha ng'ombe? Kiangazi tu? Chupa zetu za sampuli zilipanda basi Tunduma kwenda maabara siku nyingi zilizopita, na maabara ilikuwa kimya. Nikampigia msimamizi wangu. Tusitangaze lolote bila majibu, akasema. Nikamuuliza, je, niing'oe nguzo?

"Ukiing'oa, tutalinganisha na nini?"

Mimi hubishana na kila mtu. Safari hii nilikata simu.

Nikamrudia jirani. "Dada, msichote hapa." Nilitaka kuongeza kwamba mtoto achemshiwe, nikakumbuka kuchemsha hakuondoi dawa ya shambani.

"Tuchote wapi?"

Kivukoni yanafika maji hayohayo, yamechelewa kidogo tu. Pampu ya kijiji ilikufa tangu masika.

"Sijui."

"Hujui." Hakunitania tena. Akainama, akajaza ndoo, akaweka kata ya kanga kichwani.

"Basi nitwishe, mwalimu."

Nikaishika ndoo, glovu bado mikononi, nikamtwisha.