Printa Isipowaka, Anza Ukutani

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya kanga niliyojifunga, mwanangu. Leo nimekusikia ukipandisha sauti kwa sababu ya printa iliyogoma kuwaka, nikaona afadhali nikusimulie. Kaa hapa kidogo. Printa haiendi popote.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nakaa mtaa wa Malindi kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, aliyenilea tangu nina miaka minne. Ripoti yangu ya mazoezi ya kufundisha ilitakiwa chuoni Tunguu kabla ya adhuhuri. Ikichelewa, narudia mwaka. Nikabonyeza kitufe cha printa. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kama anayemwamsha mvivu. Hata kile kitaa chake cha kijani hakikuonekana.

Sasa shangazi, Mungu amrehemu, akiipenda ile printa kuliko mimi. Kila asubuhi akiifuta vumbi, kisha akiifunika kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Basi nikamgeukia yeye.

"Shangazi, umeifanya nini printa yangu?"

"Nimeifuta tu, mwanangu. Kwani imekuwaje?"

"Imekufa! Vitu usivyovijua unavigusia nini?"

Alikikunja kitambaa chake, akaenda zake jikoni. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa vibaya.

Nikaibeba printa mpaka Darajani kwa fundi mmoja, Mzee Haji, mtu asiyejua pupa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akachomeka waya. Taa ikawaka.

"Mashine nzima hii," akasema. "Jana radi zilipopiga, mlizima umeme?"

Nilitamani ardhi inimeze. Jana yake alasiri mvua ilikuja na radi, na kama ilivyo ada ya nyumba yetu, shangazi alifunika vioo kwa kanga, na mimi nikapita nikizima swichi zote za ukutani. Mkono wangu mwenyewe! Mvua ilipokatika nikaziwasha nyingine zote, ile ya nyuma ya meza ya printa nikaisahau. Nyani haoni kundule.

"Sisi kitu kikizimika tunaanza ukutani," Mzee Haji akaniambia taratibu. "Swichi, halafu plagi, halafu waya. Mashine ya mwisho. Wewe umeanzia wapi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Basi rudi ukaanze upya," akasema, akanifungia printa yangu vizuri.

Ripoti niliiwahisha. Na hapo nikakosea mara ya pili, maana nilichapisha kwanza, nikakimbilia Tunguu, radhi nikaja kuomba alasiri. Nilipiga magoti mbele ya shangazi nikalia. "Nshakusamehe zamani," akaniambia, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Na alinisamehe kweli, hakuwa mtu wa kinyongo. Lakini tangu siku ile, chumba alichonilelea akawa hakiingii mpaka apige hodi. Akitaka hata kunisogezea kikombe changu cha chai, huniuliza kwanza, "Niguse?" Miaka kumi na moja, mpaka alipofariki. Nilimbembeleza aache, akicheka tu, na kesho yake huniuliza tena. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile moyo unaniuma.

Basi mwanangu, kitu kikikugomea, anza ukutani. Tazama swichi, tazama waya umekaa sawa, jaribu na tundu jingine la umeme, tena jiulize wewe mwenyewe jana ulifanya nini. Mtu muache wa mwisho kabisa, na ukimfikia, muulize kwa upole, usimshutumu. Na ukishamkosea, usimalize kwanza shughuli zako ndipo umtafute. Msamaha nilipewa mimi, tena kwa moyo mkunjufu, lakini yule shangazi wa kugusa vitu vyangu bila kuuliza sikumpata tena.

Mola akupe subira na ulimi laini, akuwekee wazee wako na wadogo zako, na kila anayekupenda aweze kukukaribia bila hofu. Amin.