Msichana Wangu Alinisomea Nusu ya Karatasi ya Dawa

Mwenye ukurasa, nifichie jina, huku Ruiru tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nina watoto watatu, nashona kola kwa kiwanda cha mashati huko Thika. Shule niliachia darasa la tatu. Kiswahili nasoma pole pole, lakini Kizungu naangalia tu kama picha.

Mwaka jana nilianza kushikwa na kitu. Niko kanisani nimetulia, mara moyo unakimbia, pumzi inakwama, mikono inakufa ganzi, najua sasa ndio naenda na watoto sijui nawaachia nani. Daktari akapima moyo akasema ni mzima, huu ni wasiwasi, akanipa tembe. Mimi dawa naziogopa tangu zamani. Nikampa kifungua mimba wangu, yuko fomu tatu, ile karatasi ya ndani ya pakiti. Nikamwambia, "Nisomee yote, hata mabaya." Akasoma, kidole kikitembea kwa mistari. "Hakuna shida, mami. Itakukausha mdomo kidogo tu."

Nikameza. Na sitadanganya, kile kitu kiliniacha. Lakini usingizi, jamani. Juzi nikasinzia kwa cherehani, sindano ikapita kwa kidole. Nesi wa kiwanda akauliza natumia dawa gani, nikamtolea karatasi, huwa natembea nayo nimeifunga kwa kitambaa. Akasoma mstari mmoja. "Mama, hapa wameandika zinaleta usingizi, usishike mashine. Nani alikusomea?" Nikaona aibu, nikamnyang'anya.

Nyumbani sikupiga kelele. Nilimwonyesha tu kidole kilichodungwa, nikamwambia nesi amesoma nini. Akalia.

"Ningesoma yote ungezitupa kwa choo. Wewe hukuwa unajiona, mami. Ulikuwa unapumua kama mtu anazama, na ni mimi nilikuwa nakushika."

Nikamwambia, "Hiki kidole ndicho kimekusomesha, ndio uwe ukinisomea."

Sasa anasema pia imeandikwa nisiziache ghafla, nitaumwa zaidi. Hiyo ni karatasi inasema, ama ni yeye? Nesi naona aibu kumrudia. Hata kwa daktari, maana huyo huongea Kizungu, yeye ndiye hunisemea. Nikienda peke yangu, atajua simwamini tena. Nikienda naye, sitajua nimeambiwa nini.

Tembe ya leo iko hapa kando ya chai, na yeye amekaa ng'ambo ya meza, anangoja nimeze. Wazazi wenzangu, nishaurini. Nifanye nini na dawa, na nifanye nini na mtoto?