Mishale Minene

Fundi saa wetu tulimwita Jicho, kwa ile lenzi aliyoibana jichoni miaka arubaini. Siku hizi mtu akiulizwa saa anachomoa simu. Kuitia saa ufunguo kila asubuhi wanaona kazi ya punda. Kibanda cha Jicho kilibakiwa na wavivu watatu wa Jumamosi: wakili, daktari wa meno na mimi, tukibishana juu ya saa ambazo hatuna.

Tuliyoibishania zaidi ilikuwa saa ya mkono ya dhahabu. Jicho aliachiwa na mteja wake wa siku nyingi alipofariki.

"Umbo zuri," wakili alisema, "ila hiyo mishale! Minene kama miiko."

"Na tarakimu zimevimba kama ufizi mbovu," daktari akaongeza.

Jicho alicheka tu.

Mwaka ule mkewe alikuwa amepofuka. Mama yule alizoea kufanya kila jambo kwa saa yake. Sasa ilimbidi aulize, "Saa ngapi, baba?" mara kumi kwa siku; kisha akaacha kuuliza. Hilo ndilo lililomuuma Jicho. "Anakaa tu," aliniambia, "kama mgeni ndani ya nyumba yake."

Jumamosi moja tukamkuta ameing'oa kioo saa ile, ametoa mshale wa sekunde, anatia bawaba kifuniko alichokichonga mwenyewe.

Wakili alishika kichwa. "Fundi, umeichinja!"

"Kioo kile hakipatikani tena!" daktari akalia.

Nami nilimwambia amerukwa na akili. Nilisema hivyo, sifichi.

"Mama watoto!" Jicho akaita kuelekea mlango wa nyuma, unaoingia nyumbani kwake. "Hebu njoo."

Akaja akipapasa ukuta. Jicho akamvalisha saa, akamfungulia kifuniko. Kidole kikapita taratibu juu ya mishale, kikahesabu tarakimu moja moja. Tukasogeza vichwa kama tunaosubiri matokeo ya mtihani.

"Saa tano na robo," akasema. Akatugeukia. "Shemeji zangu, mnapiga kelele tangu saa tatu. Kwenu hamtakiwi?"

Kisha akashtuka. "Saa tano! Nami sijainjika hata sufuria!" Akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Jicho alitoa lenzi jichoni, akaifuta, akaifuta tena.

Wakili akakohoa. "Mishale yenyewe," akasema, "si minene sana."